Miaka Yangu ya Kukamua Nge

Kabla ya yote, vijana, tazameni magando. Nge mwenye magando manene na mkia mwembamba ana makeke tu. Akikuchoma utapiga ukunga, utaweka kitambaa cha baridi, na jioni utakula ugali wako. Mwenye magando membamba na mkia mnene, huyo mwamkie kwa mbali. Hana haja ya kukushika kwa nguvu kwa sababu anajua sindano yake inatosha. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo swali la kwanza mnaloniuliza mkija kunitembelea, na kwa kuwa nikianza na kemia mtasinzia kabla chai haijachemka.

Mimi ni Mama Upendo. Nimezaliwa Masasi, kwenye nyumba ya Kianglikana. Babu alikuwa mpiga kengele wa kanisa, baba mwalimu, na kwetu msichana aliyesoma alitarajiwa awe mwalimu au muuguzi, basi. Mimi nikawa msaidizi wa maabara. Niliangalia vimelea vya malaria kwenye darubini mpaka nikawa naona viduara hata kwenye uji. Huenda ningezeekea hapo kama soko lisingefunguliwa.

Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa. Ghafla korosho zikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye malori. Mitumba ikatandazwa kila njia panda. Salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo tulizoea kuipata kwa chama cha ushirika, sasa ikawa inapimwa dukani kwa kopo, anayetaka kidogo anapewa kidogo. Na katika wageni wa kila namna walioingia miaka hiyo akaja Dokta Kimaro, mtaalamu wa kemia ya viumbe kutoka Dar es Salaam, akishirikiana na maabara moja ya ng'ambo. Alikuwa anatafuta watu wa kukamua nge.

Nilipomweleza Baba Upendo, yeye aliuliza swali moja tu.

"Maziwa yake mtawauzia akina nani?"

Nami nilimuuliza Dokta swali kama hilo, kwa heshima zaidi kidogo. Akaniambia tone moja la sumu ya nge lina peptidi za kila aina. Peptidi ni uzi mfupi wa asidi amino, shanga zilizotungwa kwa mpangilio wake. Moja inamlemaza panzi, nyingine inaua bakteria, nyingine inafika kwenye mshipa wa fahamu unaobeba maumivu na kuunyamazisha. Hiyo ya kunyamazisha ndiyo waliyoitaka, dawa ya maumivu makali isiyomlevya mgonjwa. Kule ng'ambo walikuwa na rafu za vichupa, kila kichupa na peptidi yake, na rafu zote hizo waliziita maktaba. Lakini maktaba ambayo vitabu vyake vyote vinasimulia hadithi moja haimsaidii msomaji. Walitaka peptidi zinazotofautiana kwelikweli, ndiyo maana walitaka nge wa bondeni Masasi na nge wa juu Newala. Wanaweza kufanana sura wakatofautiana sumu.

Baadaye nilipelekwa Dar kwa mafunzo nikauona upande wa pili wa kazi. Wakishapata peptidi moja nzuri, wanaitengeneza upya kwa mikono na mashine, shanga baada ya shanga, halafu wanaanza utundu. Wanatoa shanga hii wanatia ile. Wanatia hata asidi amino ambazo mwili wa nge wala wa mtu hauzitumii, ili vimeng'enya vya tumboni visijue pa kuanzia kuitafuna. Wanaunga mwanzo na mwisho iwe duara. Nge mmoja wa porini anapata wajukuu mamia, wote ndugu, hakuna pacha. Nilisimama pale nikitazama vifuko vidogo vya wavu vikitikiswa ndani ya dawa yenye harufu ya samaki wa juzi, nikasema kimoyomoyo, kumbe tone langu linakuja kuishia huku. Nilijisikia mtu mkubwa sana siku hiyo.

Tulikuwa na vituo viwili. Changu kilikuwa Mkomaindo, hapo hapo Masasi, chumba cha nyumba ya kupanga, karibu na hospitali. Cha pili kilikuwa Mnyambe, Newala, na mwenyewe alikuwa Mama Hamisi, mkulima wa korosho aliyeajiriwa kwa sababu alikuwa akiokota nge kwenye magome ya mikorosho kwa kijiti huku akiimba. Alinizidi umri na alinizidi kazi. Dokta alitufundisha kutumia koleo la kumshikia na betri ya kumshtua mkia atoe tone, lakini ni Mama Hamisi aliyenifundisha nge mwenyewe.

Alinifundisha kwamba nge aliyetoka kujivua gamba asikamuliwe, aachwe agumu kwanza. Kwamba kila mmoja akae kwenye boksi lake, maana ukiwaweka wawili usiku, asubuhi utamkuta mmoja ameshiba. Kwamba ukimshika mkia, mshike kwenye pingili ya mwisho, usimshike katikati ukidhani unamwonea huruma. Na kwamba kwanza anatoa maji maangavu yasiyo na kitu, anakujaribu tu. Ukiridhika na hayo umepunjwa. Subiri tone la pili linalofanana na tui, hilo ndilo.

"Nge ni kama mtu wa kwetu," aliniambia. "Ukimgongea mlango mara moja anakutolea maneno. Ukisubiri, anakutolea chakula."

Mambo ya kuchekesha nayo hayakukosekana. Watu waliposikia kuna chumba Mkomaindo kinapokea nge, wakasema kama korosho zinanunuliwa na kila mtu, nge naye kwa nini asinunuliwe? Nikaanza kuletewa ndoo. Nge, tandu, mijusi, mara moja chura mkubwa aliyefungwa kamba mguuni. Bwana mmoja aliniletea nge waliokwisha kufa, akabisha nusu saa kwamba wamelala. Na siku nge wangu mmoja alipopotea, alikutwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, amepanda ndani ya joho la sauti ya nne. Sauti ya nne ikatoa sauti ya kwanza. Mchungaji akaniomba kwa upole niwe naacha kikapu changu nyumbani.

Basi maisha yalikuwa mazuri. Kila mwezi nilikuwa napanda Mnyambe kuchukua sumu iliyokaushwa, naiunganisha na yangu, namkabidhi Dokta akija. Halafu mwaka mmoja Dokta akaja na uso wa mtu aliyebeba habari mbili.

Alitukutanisha Mkomaindo, mimi na Mama Hamisi. Akasema wafadhili wanapunguza fedha. Mwisho wa mwaka kitabaki kituo kimoja, kile kinachotoa kitu kipya. Kisha akafunua karatasi.

Ili mwelewe niwaambie kwanza kinachoishika peptidi ya nge isifumuke. Ndani ya uzi kuna chembe za salfa zinazoshikana mikono mbili mbili. Zikishikana, uzi unajikunja unakuwa fundo gumu, na fundo hilo halifunguliwi na joto wala tumbo kwa urahisi. Mishikano hiyo wanakemia wanaiita madaraja. Sasa peptidi za Mnyambe, akasema Dokta, zimekuwa zikipimwa na kuonekana nzito kuliko zinavyopaswa. Uzito wa ziada ni thelathini na mbili, sawasawa na chembe moja ya salfa. Inaonekana daraja la nge wa Mnyambe lina chembe tatu badala ya mbili. Wenzetu wa ng'ambo hawajawahi kuona nge wa namna hiyo. Likithibitika, hilo ni aina mpya kabisa ya kufunga fundo, na maktaba yao itapata rafu ambayo maktaba nyingine hazina.

"Kwa hiyo kituo kitakachobaki ni Mnyambe," akamaliza. Alinitazama akashusha macho. "Pole, Mama Upendo. Sumu yako ni safi sana. Ila ni ya kawaida."

Nilimpa Mama Hamisi mkono nikamwambia hongera. Nikarudi nyumbani nikalia. Sitawaficha, nililia kwa wivu. Upendo alikuwa ameanza sekondari, hospitali ilishampa mtu mwingine nafasi yangu, lakini hata hayo sikuyafikiria kwanza. Nilichofikiria ni kwamba mimi ndiye mwenye cheti, na nge wangu ndio wa kawaida.

Siku chache baadaye nikaamua kupanda Mnyambe kumpelekea Mama Hamisi vifaa ambavyo angevihitaji nikiondoka. Sikutuma salamu. Nilipata lifti kwenye lori la mnunuzi wa korosho, nikafika asubuhi na mapema nikapiga hodi.

"Mama Upendo!" Alitoka akifunga kanga vizuri. "Mbona hukuniambia unakuja? Sijafagia hata chumba cha nge."

"Shikamoo, Mama Hamisi."

"Marahaba. Hamjambo huko bondeni? Haya ingia, wewe si mgeni."

Nikaingia. Meza ilikuwa mahali pake, maboksi yamepangwa vizuri kuliko yangu. Lakini chini, kuzunguka kila mguu wa meza, kulikuwa na duara la unga wa manjano. Unga huo ulikuwa kwenye mbao za rafu pia. Ulikuwa kwenye kitambaa kile anachofutia mikia, kilichoanikwa pembeni. Ulikuwa, nilipotazama vizuri, kwenye ncha za vidole vyake.

Maelekezo ya Dokta yalikuwa kwamba kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji, ili sisimizi wasipande kuwala nge waliojivua gamba. Mimi kwangu nilijaza makopo kila asubuhi bila kuwaza.

"Makopo ya maji yako wapi?" nikauliza.

"Maji gani?"

"Ya miguu ya meza."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mwenzangu, wewe unakaa bondeni, maji unachota ukijisikia. Hapa ndoo inapandishwa kilima, na kisima chetu cha kuvunia mvua ukifika mwezi wa nane kinatoa matope. Niwawekee sisimizi maji, halafu mimi nikaombe kwa jirani? Mama mkwe wangu angeuliza nimerogwa na nani. Nimewatilia salfa. Inayobaki tukimaliza kupulizia mikorosho. Hapa kila nyumba inatilia, hata miguu ya kitanda. Sisimizi hapiti, nyoka hapiti."

"Na Dokta akija?"

"Akija Dokta nafagia. Mgeni hukai naye kwenye nyumba yenye unga chini."

Salfa ya Dokta ilikuwa ya kwenye karatasi. Salfa ya Mama Hamisi ilikuwa ya kwenye kopo. Mpaka dakika ile sikuwahi kuziweka chumba kimoja.

Akaniandalia chai na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu. Mnajua ninavyopenda ming'oko, na bado niliiacha kwenye sahani. Moyo wangu ulifanya mambo mawili, ulifurahi, kisha ukaona haya kwa kufurahi. Kama ni salfa ya chini ya meza iliyoingia kwenye sumu mbichi, ikakaa nayo kwenye joto la chumba kile mpaka ikajipenyeza kwenye madaraja, basi Mnyambe haina kitu kipya, na kituo kitakachobaki ni changu. Nikimwendea Dokta nikamwambia, mji mzima utasema Mama Upendo amemchongea mwenzake kwa sababu ya kibarua. Na mji hautakuwa umekosea sana, maana nilikitaka kibarua. Nikinyamaza, naondoka na heshima yangu, na watu ng'ambo wanaanza kutengeneza dawa juu ya jambo ambalo nge hajawahi kulifanya.

Nilizunguka nyuma ya nyumba kana kwamba naangalia mikorosho. Kisha nikarudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yeye.

Nilimwambia yote, polepole. Thelathini na mbili ni salfa. Salfa ni hii hapa. Mama Hamisi aliacha kumenya muhogo.

"Mama Upendo," akasema, na sauti haikuwa ile ya kuimbia nge. "Kituo chako kinafungwa. Ndiyo umepanda lori asubuhi yote hii uje kuniambia nge wangu waongo?"

Nikasema, "Sijui kama ndivyo. Nimeona tu, nikashindwa kula."

Alitoka nje. Nilisikia akimwita Baba Hamisi, nikamsikia Baba Hamisi akimjibu kitu kwa Kimakonde. Niliosha kikombe changu, nikaandaa kanga yangu ya safari. Nilijua nimepoteza rafiki na sikuwa na hakika kama nimepata kazi.

Aliporudi alikuwa amebeba maboksi kifuani.

"Hawa ni nusu ya nge wangu. Shuka nao. Ukifika, nitumie nusu ya wako kwa lori hilohilo. Wangu wakae kwako kwenye maji yako, wako wakae kwangu kwenye unga wangu, tukamue, tuandike kila tone limetoka kwa nge wa wapi na nyumba ya nani. Wangu wakikaa kwako wakabaki wazito, utarudi hapa kuniomba radhi mbele ya mama mkwe wangu. Wako wakija hapa wakanenepa, nitajua la kufanya."

Hapo nawaomba vijana mtulie kidogo. Nimesoma kozi, nimekaa na maprofesa, na sijapata kuona jaribio lililopangwa vizuri kuliko lile, na mpangaji alikuwa amekasirika na mikono imejaa muhogo. Mimi ningebishana mpaka jioni. Yeye aliona kwamba kuna nge na kuna nyumba, na njia ya kujua uzito ni wa nani ni kubadilishana nge.

Tukabadilishana. Nilisafiri na nge wa Newala mapajani, kila mmoja na kitambaa chake chenye unyevu kidogo, dereva akiniuliza nina vifaranga wa aina gani humo ndani. Nikamjibu wa kienyeji. Wangu wakapanda juu kwa safari iliyofuata. Tukakamua, tukakausha, tukamkabidhi Dokta vichupa vyote na kumwambia tu kwamba mwezi huu tumechanganya nge kwa makusudi, awaombe wenzake wapime kila kichupa peke yake. Alitutazama mmoja mmoja, akaona hatutasema zaidi, akavichukua.

Majibu ya ng'ambo siku hizo yalikwenda na kurudi kwa kujivuta. Miezi ikapita. Nilianza kufungasha chumba cha Mkomaindo, mwenye nyumba akaanza kuleta watu wa kukitazama. Mama Hamisi hakunitumia salamu, nami sikumtumia.

Kisha Dokta akanipitia kwa gari, twende Mnyambe. Tulipofika, Mama Hamisi alitukaribisha, tukasalimiana, akatufungulia chumba cha nge. Na chumba kilikuwa hakijafagiliwa. Duara la manjano lilikuwa pale pale kila mguu wa meza, kitambaa kimeanikwa, rafu zina vumbi lake. Alijua Dokta anakuja, na hakufagia. Mnaotoka Newala mnajua mwanamke wa kule kumwacha mgeni aone chumba katika hali hiyo ni kujivua nguo.

"Tazama, Dokta," akasema. "Hivi ndivyo ninavyoishi usipokuwepo. Hii ni salfa ya mikorosho."

Dokta alichuchumaa. Akagusa unga kwa kidole, akakitazama kidole kwa muda. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Peptidi za nge wa Masasi waliokaa Mnyambe zilikuwa zimeongezeka uzito wa thelathini na mbili. Za nge wa Mnyambe waliokaa Masasi zilikuwa za kawaida. Uzito haukumfuata nge, ulifuata nyumba.

"Nilikuwa nikijiuliza kila usiku nge anaitoa wapi hiyo ya tatu," akasema. "Nikapekua vitabu vyote. Kitabu cha nyumba yako sikukifungua." Akainuka. "Lakini Mama Hamisi, ungeweza kufagia leo. Ningebaki na karatasi isiyoeleweka, na wewe ungebaki na kituo, angalau mwaka mmoja zaidi tukihangaika."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Hiyo dawa, Dokta, mngempa mtoto wa nani?"

Baba Hamisi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa akasema chakula kiko tayari, tukaenda kula.

Sasa niwaambie yaliyofuata, msije mkadhani ni hadithi ya huzuni. Wenzetu wa ng'ambo walisikitika, na walipomaliza kusikitika wakafanya kile wanachofanya watu wa kazi ile, wakauliza kama hiyo salfa ya tatu inaweza kuwekwa kwa makusudi. Ikawezekana. Wakatengeneza peptidi zenye daraja la chembe tatu kwa mikono yao wenyewe, kwa vipimo, wakaziweka kwenye rafu kwa jina lake halisi, kitu kilichotengenezwa na watu, hakikutoka kwa nge. Kwa hiyo utofauti waliokuwa wanautafuta waliupata, na asili yake ni kopo la mkulima wa Mnyambe. Mama Hamisi alipoambiwa alisema wamtumie basi salfa ya msimu ujao.

Je, ilikuwa dawa? Haikuwa. Mpaka nastaafu ilikuwa imewatuliza panya wengi na mtu hata mmoja bado. Vichupa vingi sana haviendi popote, na anayeingia kazi hii akitarajia kuona jina la nge wake kwenye boksi la duka la dawa atazeeka na kinyongo. Mimi sina. Nilifanya sehemu yangu safi, na aliyepokea aliweza kuiamini. Siku hizi hata kukamua kwenyewe kumepungua. Wanachukua tezi ya nge mmoja, wanasoma maandishi ya urithi wake, na mashine inatunga shanga zote kwa kuambiwa. Kijana mmoja wa Dar alinionesha kwenye skrini peptidi za nge ambaye hajawahi kumwona akiwa hai. Nilifurahi, halafu nikamuuliza miguu ya meza yake imesimama ndani ya nini, akanitazama tu.

Mwisho wa mwaka kituo kimoja kilifungwa kama Dokta alivyosema, ila kikawa cha Mnyambe, changu kikabaki. Siku ya kukabidhiana nilimwambia Dokta kwamba kituo kimoja si lazima kiwe na mtu mmoja. Alisema bajeti haimruhusu. Nikasema basi tugawane siku. Akasema hajawahi kuona mtu anaomba apunguziwe kazi aliyokaribia kuipoteza. Tukavutana, akakubali, na mwaka uliofuata wenzetu wa ng'ambo wakaongeza nafasi ya pili.

Hivyo Mama Hamisi akawa anashuka Masasi kila Jumatatu na kupanda kwao Ijumaa asubuhi, wakati huo wote akilala kwangu. Baba Hamisi alikuwa akinitania kwamba nimemwoa mkewe bila mahari. Upendo alijifunza kwake kupika kisamvu cha karanga ambacho mimi sijakiweza mpaka leo. Tulikamua pamoja miaka mingi, meza moja, yeye upande wa dirisha. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa redio, mimi kwaya yeye taarabu.

Kuna swali nililokaa nalo miaka yote hiyo. Nililiuliza siku moja tukiwa kazini, yeye ameshika koleo, mimi nimeshika kichupa, hakuna la maana linaloendelea.

"Mama Hamisi, ile asubuhi niliyokuja kwako. Hukufikiri kwamba nimekuja kwa ajili ya kibarua changu?"

"Nilifikiri," akajibu bila kuinua macho. "Nilitoka nje nikamwambia Baba Hamisi, huyu mwanamke amekuja kuninyang'anya kazi. Akaniuliza, Dokta ameshajua? Nikamwambia bado, amekuja kwangu kwanza. Nikajisikia mwenyewe nilichosema, nikaenda kuchukua maboksi."

Tone la pili likatoka, zito, jeupe. Akanisogezea mkia nilikinge.

"Mwenye nia ya kuninyang'anya angeanzia kwa Dokta," akasema. "Asingeanzia jikoni kwangu."